Zikilala Zinaungua, Zikisimama Zinavunjika

Zahanati ya bondeni
6 Machi

Wifi yangu,

Hamjambo huko? Wanangu hao hawajambo? Mimi mzima, ila mgongo. Dereva wa lori la saruji alinikabidhi boksi lenu jana, na akigeuza ataibeba barua hii. Huku simu ni ya kutazamia saa tu, kwa hiyo mtanivumilia na mwandiko.

Mtambo wa umeme nimeshaufunga. Maji ya kijito yanauzungusha, betri zinajaa. Mkunga, yule mama asiyecheka niliyekusimulia, aliona taa ya chumba cha kuzalishia inawaka akasema, "Haya." Kwake hiyo ni sherehe.

Sasa lawama. Katika bodi tatu za umeme mlizotuma, mbili zimefika zimevunjika miguu. Nasema zile rezista kubwa nyeupe, zinazomeza umeme unaozidi betri zikishashiba. Nani kaziweka vile? Zimesimama juu ya bodi kama korongo topeni, upana wa kidole kizima uko wazi chini yake. Barabara ya huku inamng'oa mtu meno, sembuse viwaya vyembamba vile! Kaka ndiye aliyenifundisha kazi hii, na alichonifundisha ni kwamba kitu kilalie bodi, kitulie. Na lehemu zenyewe zimenenepa, si za mkono wake. Mmemwajiri nani?

Basi ile bodi moja iliyopona nimeirekebisha. Nimezikandamiza rezista zote mpaka zimelala kifudifudi, nikazilehemu upya. Sasa hata ukiirusha ukutani haking'oki kitu. Hizo mbili nazirudisha.

Mwambie kaka aniandikie mwenyewe. Neno moja tu, la kunisifu au la kunitukana.

Wifi yako,
Fundi wa Mtoni


Karakana
13 Machi

Wifi,

Zima mtambo. Ukishazima, rudi uendelee kusoma.

Rezista zile hazikusimama kwa urembo. Kazi yake ni kugeuza umeme kuwa joto, na betri zikijaa mchana zinapata moto wa kurukisha tone la maji. Zikiwa na hewa chini yake, joto linapanda na kwenda zake. Zikilala, joto lote linaishia kwenye bodi. Bodi inakuwa ya kahawia, halafu nyeusi, lehemu inalegea, mguu unachomoka, na hapo ni cheche. Zile redio alizokufundishia kaka yako zilikuwa na rezista kama punje za mchele. Hizi ni kitu kingine kabisa.

Nakuomba uzinyanyue tena, hata kama miguu imekuwa mifupi. Afadhali upenyo wa sarafu kuliko kutokuwa na kitu.

Kaka yako anakusalimu. Ana kazi nyingi. Hatujaajiri mtu.

Dereva anasema mto umefunika daraja na lori halivuki mpaka mvua ikatike. Nimemsihi barua hii aiweke mfuko wa shati, asiichanganye na mizigo.

Wifi yako,
Mama wa Karakana


Bondeni
15 Machi

Wifi,

Daraja limefunikwa. Hii inakuja na mchuuzi wa mayai anayejua njia ya miguu, kwa hiyo ikifika na ute wa yai usishangae.

Mambo yananyooka. Friji ya chanjo inafanya kazi, na kina mama wameanza kuja kujifungulia hapa badala ya nyumbani. Kuna kiharufu tu ndani ya chumba cha betri, kama nywele zilizopitiwa na moto, lakini nadhani ni rangi ya sanduku jipya la bodi. Itaisha.

Kaka bado hajaandika. Nimewaza sana kabla ya kusema hili, na sasa nalisema: tangu nije huku, kila salamu yake inapitia mkononi mwako. Mtu niliyechangia naye ziwa moja leo ananisalimu kwa karani? Kama kuna neno kati yetu, aliseme. Kama ni wewe unayeamua nani aandike na nani asiandike, basi pia sema.

Fundi wa Mtoni


Bondeni
21 Machi

Wifi,

Imeungua.

Ilikuwa mchana, mvua kubwa, kijito kimejaa na mtambo unakimbia kama umechapwa. Betri zilikuwa zimeshiba tangu asubuhi. Mimi niko mferejini natoa majani, nikasikia mkunga anaita jina la Mungu. Nilipofika moshi ulikuwa umeshatoka chini ya mlango wa chumba cha betri na kuingia kwenye chumba cha kuzalishia, na ndani alikuwamo mzazi, uchungu umemkolea. Walimtoa kwa godoro hadi barazani. Mtoto amezaliwa pale barazani, maji ya mvua yakiwarukia, wa kike, mzima. Namshukuru Mungu, na siwezi kumtazama mama yake usoni.

Mkunga alifungua sanduku kabla sijafika. Kiganja chake kimebabuka. Alipokuwa akifungwa bandeji aliniambia, "Nimezalisha kwa kibatari miaka yote. Hakijawahi kuniwakia usoni." Chanjo zote zimeharibika. Wazee wa kamati ya zahanati wanasema tung'oe mtambo wetu na makopo yetu tuondoke nayo.

Bodi ina shimo jeusi, ngumi inapita. Rezista mbili nimeziokota sakafuni.

Barua yako ya kusema zima mtambo imefika leo asubuhi, jivu limeshapoa. Dereva aliitoa mfukoni akiwa anatabasamu, masikini, akijua ameniletea jambo jema.

Najua mkono uliozilaza ni wangu. Lakini wifi, ulishindwa nini kutia kikaratasi ndani ya boksi? "Usizilaze, zinaungua." Maneno mawili! Kaka asingesahau. Kaka hata akikutumia msumari anakuandikia uanzie upande gani. Ndiyo maana nauliza tena: ni nani anayetengeneza bodi hizi?

Fundi wa Mtoni


Karakana
29 Machi

Wifi,

Nimelia kwa ajili ya mkunga, na nimefurahi kwa ajili ya mtoto. Hayo mawili kwanza.

Kikaratasi, una haki. Kila mtu hapa alidhani mwenzake amekwambia. Lawama hiyo naibeba, na inanikaa.

Lakini hilo la kwamba nafunga mlango kati yako na kaka yako, umenipiga kibao. Nimeolewa nyumba hii na wewe ndiye uliyenishika mkono kuniingiza. Ningepata faida gani? Kaka yako anakusalimu, na salamu ni zake kweli.

Natuma bodi nyingine. Rezista zimesimama, miguu nimeipunguza kidogo, na nimeviringisha kila kitu kwa sponji ya godoro bovu. Usiziguse. Nakuomba kwa heshima zote, usiziguse! Na sanduku ulisimamishe wima, matundu ya juu yawe juu na ya chini yawe chini, kisha usiegemeze magunia wala kitu chochote kando yake. Hewa isipopita hata miguu ya twiga haitasaidia.

Mama wa Karakana


Bondeni
7 Aprili

Wifi,

Sikuzigusa. Nilizifungua kama mtu anayefungua nepi ya mtoto wa jana. Mguu mmoja ulikuwa na ufa, nikaulehemu. Nikawasha. Mkunga alisimama mlangoni na ndoo ya mchanga kwa mkono wake mzima, hatusemezani. Siku ya kwanza sawa, na ya pili. Ya tatu ukuta ulipokuwa unatetemeka kwa kasi ya mtambo, nikaziona rezista zinacheza zote, kichwa hivi, kichwa hivi, kama watu wanaokataa jambo. Jioni miguu miwili ilikuwa imekatika palepale inapoingilia bodi. Nikazima kabla hazijagusana.

Sasa niambie mimi nifanye nini. Zikilala zinaungua, zikisimama zinavunjika. Nizishike kwa mkono? Niziimbie? Kamati imenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao, kisha wanaweka mashine ya mafuta ya mtu mwingine. Kila siku napita mbele ya wajawazito wanaokaa barazani kusubiri zamu, nao wananitazama kama wanavyomtazama aliyeuza maziwa yenye maji.

Na nimechoka kudanganywa. Nimezitazama lehemu zile kwa kioo cha kukuzia. Najua lehemu ya kaka kama ninavyojua mwandiko wake: ndogo, inang'aa, imechongoka kama kilima. Hizi ni za mtu makini, lakini si yeye. Yuko wapi? Amekuacha? Amefungwa? Kama amekufa mkanizika mimi hai huku bondeni, wifi, nitakuja kwa miguu.

Andika ukweli au usiandike kabisa.

Fundi wa Mtoni


Karakana
14 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Hajafa. Yuko nyuma yangu hapa, ameketi kwenye stuli, anajifanya anasoma gazeti la zamani. Ameniapisha nisikwambie, nami sasa navunja kiapo akiwa anasikia mlio wa kalamu.

Ni mikono, inatetemeka. Ilianza kidole gumba kabla hujaondoka, ukadhani ni baridi. Sasa ni mikono yote miwili, wa kulia zaidi. Chuma cha kulehemu hakishiki tena. Alijiunguza mara nyingi akinificha, mpaka siku moja akaangusha chuma kwenye paja lake na mtoto akaona. Hospitali wamesema ni ugonjwa uleule wa baba yenu. Dawa anameza, zinapunguza, haziondoi.

Bodi zote ulizopokea nimelehemu mimi. Yeye anakaa begani kwangu kama kunguru: "Moto mwingi. Lehemu kidogo. Usipulize!" Nami nageuka namjibu, na tunagombana mpaka chakula kinaungua. Kukuandikia hawezi, herufi zinatawanyika kama kuku. Angenitajia niandike, ungeuliza kwa nini. Ndiyo salamu zikawa za karani, kama ulivyosema.

Barua yako iliyofika jana nilimsomea yote, hata pale pa kufungwa. Nikamwambia, "Niruhusu nimwambie dada yako." 

Akasema, "Yeye ndiye aliyemlisha baba kijiko miaka ile yote. Nimpe tena?" 

"Anadhani umemchukia." 

"Afadhali adhani hivyo." 

Nikamwambia yeye ni mjinga, wifi, nisamehe, mbele ya watoto.

Baadaye akaja mwenyewe akiwa na pasi mbovu ya umeme, ile ya wakati wa harusi yetu, akaiweka mezani. "Ifungue." Ndani, waya wa moto ulikuwa umevalishwa vishanga vya kauri, kama ile ya vikombe. Akasema tuvivalishe miguu ya rezista. Kishanga kinaibeba rezista juu ya bodi, hailali hata ukiikandamiza, na kauri haijali joto. Juu yake tupitishe utepe wa bati, uzikumbatie zote na kufungwa kwa skrubu kwenye sanduku, ili zikitikisika zitikisike pamoja na nyumba yake. Mguu tuukunje kwanza kwa koleo, taratibu, mbali kidogo na mwili wa rezista. Kisha chini ya bodi tuulaze ubavu kabla ya kulehemu, lehemu isibebe mzigo peke yake. Aliyasema yote haya na mikono ameifunga kwapani.

Naitengeneza sasa. Sijui kama ataniruhusu kuitia barua hii kwenye bahasha, ila bahasha ninayo mimi.

Wifi yako daima


Bondeni
19 Aprili

Kaka,

Wifi ameniambia. Usimgombeze. Nilikuwa nimemsukuma mpaka ukutani.

Umenificha kwa sababu ya baba. Sasa nisikilize, kwa kuwa huwezi kunikatiza. Kumlisha baba hakukuniumiza. Kilichoniumiza ni mwanzo wake, ule mwaka aliokuwa akila peke yake nyuma ya nyumba ili tusimwone anamwaga. Nilikuwa mdogo, nikadhani ametuchoka. Nilipokuja kujua, tulikuwa tumeshapoteza mwaka mzima wa mazungumzo naye. Na wewe umekaa ukanifanyia lilelile.

Tangu barua ya wifi ifike nimekuwa nikinyoosha mikono yangu mbele ya dirisha na kuitazama. Imetulia. Kwa leo. Sina wa kumwambia hilo huku isipokuwa mkunga, naye bado ananinunia.

Bodi hiyo mpya usiipe lori. Ilete.

Mdogo wako


Karakana
25 Aprili

Wifi,

Alisoma barua yako amesimama, akaisoma tena ameketi. Akatoka nje akakaa na watoto. Aliporudi akauliza, "Kwani dereva anaondoka lini?" Kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

Nimemkatalia. Nimemwambia njia ni mbaya, atachoka, dawa zitamwagika. Amesema kama bodi inaweza kwenda basi na yeye anaweza. Ataipakata mapajani juu ya mto wa kulalia mpaka huko. Dereva amekubali kwenda polepole, jambo ambalo sijawahi kumsikia akilikubali.

Barua hii iko mfukoni mwake. Ukiwa unaisoma, amefika. Ukiwa huisomi, amerudia njiani, nami nimeshajua zamani.

Dawa ni asubuhi na jioni, kabla ya kula. Kikombe umjazie nusu. Usimsaidie mpaka aombe, na haombi.

Wifi yako


Bondeni
4 Mei

Wifi,

Amefika, mto mapajani, amefunikwa vumbi mpaka kope. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Nikamwambia, "Umekonda." Akasema, "Na wewe umenenepa, hivi ndivyo watu wanavyofanya kazi?" Ndivyo tulivyosalimiana.

Mkunga akamletea chai, kikombe kimejaa hadi ukingoni, hakujua. Nikaiona mikono, wifi. Ni mikono ya baba. Chai ikamwagika mezani, kwenye suruali, kila mahali. Nikanyoosha mkono, akasema, "Niache." Mkunga akatutazama, mimi na yeye, kisha akainua bandeji yake akamwambia, "Mimi pia nakunywa kwa shida siku hizi. Na ni kwa sababu yenu." Kaka akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akamwomba radhi vizuri, kwa niaba yetu sote, kwa maneno ambayo mimi nimeyatafuta tangu moto bila kuyapata. Mama yule sasa ananisemesha.

Kazi. Bodi ilifika haina hata mkwaruzo. Kilichobaki kilikuwa kuunga waya za sanduku na kufunga utepe. Nikampa chuma cha kulehemu kwa mazoea, kama zamani. Alikitazama tu. "Lehemu wewe," akasema. Nikashika, na mkono wangu ukaanza kutetemeka. Nikakiweka chini chuma, jasho linanitoka. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini wasisikie wengine, "Huo ni woga. Mimi najua tofauti. Vuta pumzi, shika tena." Nikashika tena. Ukatulia. Sijui anajua tofauti kweli au alinidanganya. Nimeamua kutomuuliza.

Tukawasha mbele ya kamati nzima. Tulizima taa na friji makusudi ili betri zishibe, umeme wote ushuke kwenye rezista. Mzee mmoja akadondosha tone la maji juu yake, likaruka na kupiga kelele, wakarudi nyuma wote. Kaka akaingiza kiganja chini ya bodi na kukiacha pale. "Vuguvugu," akasema. "Njooni mguse." Wakaja mmoja mmoja, wanainama, wanagusa, kama wanaotoa mkono wa pole. Mchana kutwa, mtambo ukikimbia na ukuta ukitetemeka, hakuna kilichocheza. Kamati imekubali tubaki kwa majaribio. Mwenye mashine ya mafuta bado anakuja kuwasalimia, kwa hiyo sijashangilia.

Sasa nakuomba, njoo umchukue mumeo kabla sijamtosa mtoni. Sanduku limepinda. Mfereji nimechimba vibaya. Ugali wangu una madonge. Kila asubuhi anakagua lehemu kwa kioo changu na kuguna. Jana aliguna kwa muda mrefu zaidi, nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hizi za mke wangu. Mimi nilipokuwa mzima sikulehemu vizuri hivi. Usimwambie, ataringa."

Basi nimekwambia.

Wifi yako mkosefu,
Fundi wa Mtoni


Karakana
11 Mei

Wifi,

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho mwisho nimesimama mlangoni, dereva akaniuliza kama kuna msiba.

Miezi yote hii! Nimejiunguza vidole mpaka sihisi chumvi, nimeharibu macho, nimelehemu huku nanyonyesha, na kutoka kwenye ile stuli sikusikia ila moto mwingi, lehemu kidogo. Kumbe neno alikuwa nalo. Akalibeba mfukoni, akapanda nalo lori, akavuka nalo mto, akaenda kukwambia wewe. Na akakuamuru usiniambie! Nimekasirika kiasi kwamba nimefua nguo zake zote, hata zilizokuwa safi.

Kuhusu mikono yako, sijui, na wewe hujui, na yeye hajui ingawa anasema anajua. Ikija, utaniandikia siku hiyohiyo, hata kwa herufi za kuku. Usile nyuma ya nyumba.

Simchukui. Akae huko akugunie mpaka mtambo umalize majaribio, wewe ndiye uliyemwita. Ila mwambie zahanati ya ng'ambo ya mlima imetaka mtambo mkubwa zaidi. Nitahitaji mtu wa kuniambia ni rezista ngapi na ziwe za ukubwa gani, kwa maana hesabu hiyo siiwezi na sitaki kumchoma mkunga wa pili. Stuli yake ipo.

Na mwambie akirudi asipitilize moja kwa moja karakana. Asimame mlangoni, hapohapo penye jua, aniambie vile alivyokwambia wewe, neno kwa neno, nikiwa namtazama.

Wifi yako